Siku Tatu za Bluzi: Uchambuzi wa Kisa cha Bendi Kongwe ya Roki Iliyorudi Ilikoanzia

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu bendi ya roki ya Uingereza iliyokuwa imepita miaka hamsini jukwaani ilipoingia studio mwezi Desemba 2015 kurekodi nyimbo zake mpya, kisha ikatoka baada ya siku tatu za kazi ikiwa na nyimbo 12 za bluzi ambazo haikutunga hata mmoja. Kimeandikwa kwa ajili ya wanamuziki, mameneja wa bendi na maprodyuza, hasa wale wanaofanya kazi na makundi ya siku nyingi yaliyokwama kati ya jina kubwa na kazi mpya isiyokuja.

Majina ya wanabendi, ya prodyuza wao na ya kampuni iliyotoa albamu yameondolewa. Hakuna siri hapa, na mwenye sikio la muziki huu atawatambua kabla ya kumaliza sehemu ya pili. Lakini umaarufu wao huwa unaziba macho, kwa kuwa msomaji akishaambiwa ni nani huanza kukumbuka utajiri na kashfa zao, akasahau kuangalia walichoamua na kwa nini. Majina ya wanamuziki Weusi wa Marekani ambao nyimbo zao zilirudiwa nimeyaacha yalivyo. Kuwafuta hao kungekuwa kurudia kosa ambalo litajadiliwa mbele.

Usuli

Bluzi ilizaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa majimbo ya Kusini. Sehemu kubwa ya ile inayotuhusu hapa ilitoka kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi, ikapanda treni hadi Chicago pamoja na maelfu ya watu waliokuwa wakihama kutafuta kazi za viwandani. Katika baa za Chicago zilizojaa watu na kelele gitaa kavu halikusikika, hivyo wapigaji wakachomeka magitaa yao kwenye amplifaya, na sauti iliyotoka humo, nzito na yenye kukwaruza kidogo, ndiyo iliyokuja kuwa bluzi ya Chicago ya miaka ya 1950. Kampuni ya Chess, ambayo studio yake ilikuwa namba 2120 South Michigan Avenue, iliwarekodi Muddy Waters, Howlin' Wolf na mpiga harmonika Little Walter, na santuri zake zikavuka bahari kwa idadi ndogo ndogo hadi mikononi mwa vijana wachache wa Uingereza.

Wawili kati ya vijana hao, ambao tutawaita mwimbaji na mpiga gitaa wa kwanza, walikutana Oktoba 1961 katika kituo cha reli cha mji mmoja wa Kent, Uingereza. Walikuwa wamesoma pamoja shule ya msingi, kisha wakapoteana. Kilichowaunganisha upya ni kwamba mwimbaji alikuwa amebeba santuri za Chuck Berry na Muddy Waters, bidhaa ambayo wakati ule ilikuwa adimu madukani kiasi kwamba kuibeba hadharani ilikuwa kama kuvaa beji ya chama. Bendi iliundwa London mwaka uliofuata, ikajipa jina kutokana na wimbo ambao Muddy Waters aliurekodi mwaka 1950.

Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1964, ilikuwa karibu yote ni nyimbo za watu wengine. Kwa lugha ya wanamuziki wetu, ilikuwa bendi ya kopi, na wenyewe hawakuona haya, kwa sababu walijiona ni wahubiri wa muziki ambao Wazungu wenzao walikuwa hawajausikia. Juni mwaka huo walikwenda kurekodi katika studio ile ile ya Chess, na kufikia Desemba bluzi ya taratibu iliyotungwa na Willie Dixon, ambayo Howlin' Wolf alikuwa ameirekodi kabla yao, ikawa namba moja Uingereza kwa sauti yao. Mei 1965 Howlin' Wolf aliimba kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani walichoalikwa wao, nao wakakaa chini mbele yake kama wanafunzi.

Baada ya hapo njia ikageuka. Meneja wao alikuwa amekwisha kuwasukuma mwimbaji na mpiga gitaa watunge vya kwao, kwa hesabu iliyo wazi kwamba mrabaha wa utunzi huenda kwa mtunzi na bendi ya kopi hubaki na malipo ya kurekodi na ya jukwaani tu. Kuanzia 1965 nyimbo zao wenyewe ndizo zilizoijenga bendi, na bluzi ikabaki kuwa kiungo ndani ya mchuzi mwingine.

Hali kabla ya Desemba 2015

Albamu ya mwisho yenye nyimbo zao mpya ilikuwa imetoka mwaka 2005. Mwaka 2012, walipoadhimisha miaka hamsini, waliongeza nyimbo mbili tu mpya kwenye mkusanyiko wa zile za zamani. Ziara zao hazikupungua wala viwanja havikupungua watu, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Bendi ya namna hii haihitaji wimbo mpya ili kujaza uwanja. Wimbo mpya ukianza, mashabiki wengi ndio huo wakati wanaokwenda kununua bia. Kila wimbo mpya unaingia studio ukiwa umebeba mzigo wa kulinganishwa na nyimbo arobaini ambazo dunia imezihifadhi kwa moyo, na watunzi wanalijua hilo wakiwa bado wanautunga.

Umri nao uingie kwenye hesabu. Mpiga dramu alikuwa na miaka 74, mwimbaji 72, mpiga gitaa wa kwanza alikuwa amebakiza wiki moja kutimiza 72, na mpiga gitaa wa pili alikuwa na miaka 68. Besi lilikuwa mikononi mwa mwanamuziki mzaliwa wa Chicago, aliyekuwa akipiga nao tangu miaka ya 1990 baada ya mpiga besi wa awali kujiondoa. Jambo hili la mwisho halikutangazwa sana, lakini maana yake ni kwamba ndani ya chumba alikuwamo mtu mmoja ambaye kwake bluzi ya Chicago ilikuwa muziki wa nyumbani.

Siku tatu zenyewe

Studio waliyokodi iko magharibi mwa London. Mpango ulikuwa wa kawaida, yaani kushughulikia nyimbo mpya. Siku ya kwanza, tarehe 11 Desemba, mambo hayakukaa sawa. Chumba usichokizoea kina tabia zake: mlio wa dramu unagonga ukuta na kurudi kwa namna ambayo sikio haliitegemei, na mpiga gitaa asiyeisikia dramu vizuri hupiga kwa kusitasita, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Wimbo mpya uliokuwa ukijaribiwa haukusonga.

Mpiga gitaa wa kwanza alikuwa ametangulia kumwambia mwenzake ajifunze bluzi moja ya taratibu iliyorekodiwa na Little Walter. Akapendekeza waipige hiyo, ili kukizoea chumba na kulainisha vidole. Wakaipiga. Walipoisikiliza, ilikuwa na uhai ambao kazi waliyokuwa wakihangaika nayo haikuwa nao, na mwimbaji akataka wapige nyingine, kisha nyingine tena. Walirudi tarehe 14 na 15, na wakati huu hakuna aliyejidai kwamba walikuwa wakipasha moto tu. Kufikia mwisho wa siku ya tatu albamu ilikuwa tayari, ingawa hakuna aliyekuwa ameiagiza.

Katika jengo hilo hilo alikuwamo mpiga gitaa mwingine mashuhuri wa rika lao, akishughulikia albamu yake mwenyewe. Alikuja kuwasalimu, akabaki kwa nyimbo mbili.

Inafaa kusogea karibu tuone kilichokuwa kikifanyika mdomoni mwa mwimbaji, maana hapo ndipo albamu iliposimamia. Harmonika ya bluzi ni kitu kidogo cha matundu kumi kinachoenea kiganjani. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa E, mpigaji wa bluzi huchukua harmonika iliyotengenezwa kwa ajili ya A, na kwa sababu hiyo noti muhimu za wimbo huangukia pale anapovuta pumzi ndani badala ya kupuliza. Noti ya kuvuta inaweza kupindwa: mpigaji akibadilisha umbo la koo na ulimi, noti inashuka taratibu hadi kwenye ule mwanya kati ya furaha na kilio ambao piano haiwezi kuufikia. Little Walter, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1930, aliongeza jambo jingine. Alikifumbata kipaza sauti cha kawaida kabisa pamoja na harmonika ndani ya viganja viwili, akakichomeka kwenye amplifaya ya gitaa na kuisukuma mpaka ikaanza kukoroma, na chombo kile kidogo kikatoa mlio mnene kama saksafoni.

Sasa mdomo ni mmoja. Mwimbaji akimaliza mstari, lazima harmonika ifike midomoni kabla pumzi haijaisha, ijibu alichokiimba, kisha iondoke kabla ya mstari unaofuata. Kwa mzee wa miaka 72 hiyo ni kazi ya mapafu kuliko ya sanaa. Lakini pia inamnyima nafasi ya kujitazama, na kwa mwimbaji huyu ambaye kwa miongo mingi amezoea kuigiza umbo lake mwenyewe, nadhani hilo lilimfaa kuliko ushauri wowote ambao prodyuza angempa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuacha kilichowaleta. Muda wa studio ulikuwa umekodiwa kwa nyimbo mpya, na prodyuza mwenye woga angesema baada ya bluzi ya kwanza: vizuri, tumepata joto, turudi kazini. Hakusema hivyo. Yeye na wanabendi waliona kwamba joto lenyewe ndilo lililokuwa likitafutwa siku nzima, na kwamba likipoa haliji kwa kuitwa. Ni rahisi kuusifu uamuzi huu sasa kwa kuwa ulizaa matunda. Siku ile ulikuwa na sura ya kukwepa kazi, na sehemu ya pili ya uchambuzi huu itaonyesha kwamba sura hiyo haikuwa ya uongo kabisa.

Uamuzi wa pili ulihusu namna ya kurekodi. Walipiga wote kwa pamoja, na hawakurudi baadaye kuongeza sauti juu ya sauti. Wasomaji waliowahi kukaa studio wanajua uzito wa jambo hilo. Dramu, magitaa na mwimbaji vikiwa pamoja, kila kipaza sauti husikia kila kitu: kipaza cha mwimbaji kina dramu ndani yake, kipaza cha dramu kina gitaa. Huwezi kumwambia mwimbaji aje kesho arudie mstari mmoja alioukosea, kwa sababu dramu ya jana imekwisha kushikamana na sauti yake. Mnaukubali wimbo wote ulivyo au mnaupiga wote upya. Bendi zenye fedha hukimbia utaratibu huu, maana fedha hununua muda na muda hununua masahihisho. Bendi hii, yenye fedha kuliko karibu zote, iliuchagua, na kwa kufanya hivyo ikajirudisha kwa makusudi katika hali waliyokuwamo wale wa Chicago ambao hawakuwa na uchaguzi.

Uamuzi wa tatu ni wa nyimbo zipi, na hapa ndipo ninapoona akili zaidi. Kwa bendi yenye jina lililotokana na wimbo wa Muddy Waters, njia nyepesi ingekuwa kumpigia Muddy Waters. Katika nyimbo zote 12 hakuna hata mmoja uliotoka kwake, wala kwa Robert Johnson, mwanabluzi wa kale wa Mississippi, wala kwa Chuck Berry. Nyimbo nne zinatokana na rekodi za Little Walter, mbili za Howlin' Wolf, na zilizobaki zimegawanyika kwa watu kama Magic Sam, Eddie Taylor, Jimmy Reed, Lightnin' Slim, Little Johnny Taylor na Otis Rush. Nyingi hazikuwa zikijulikana nje ya wapenzi wa bluzi. Sababu moja ni dhahiri: ukimpa Little Walter theluthi ya albamu, umeamua kwamba mwimbaji atapiga harmonika, na hapo ndipo alipokuwa na nguvu. Sababu nyingine ni kwamba wimbo usiojulikana hauji na watu wa kukulinganisha. Isipokuwa mmoja, ambao nitaurudia.

Tofauti na zilipendwa iwekwe wazi hapa, maana mashirika ya tamasha huchanganya mambo haya mawili. Bendi inayorudi kwenye zilipendwa hurudia nyimbo zake yenyewe, na wasikilizaji hurudi nayo kwa sababu wanazikumbuka siku zao za ujana. Bendi yetu ilirudia nyimbo ambazo wasikilizaji wake wengi hawakuwahi kuzisikia. Ilirudi katika ujana wake yenyewe, siyo wa mashabiki, na hilo lilikuwa la hatari kibiashara ingawa leo halionekani hivyo.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa utulivu lakini una historia. Kila wimbo uliandikwa jina la mtunzi wake. Mwaka 1968 bendi hii hii ilitoa wimbo wa Mchungaji Robert Wilkins, aliyerekodi bluzi huko Memphis kabla ya vita kuu ya pili, na kwenye santuri za kwanza watunzi wakaandikwa kuwa ni mwimbaji na mpiga gitaa wenyewe, ilirekebishwa baadaye. Nyimbo mbili za Robert Johnson walizozirekodi kati ya 1969 na 1972 ziliishia mahakamani, mwenye haki za kuchapisha kazi za bendi wa wakati ule akidai kwamba hazina mwenyewe, mpaka Mahakama ya Rufaa ya Marekani ilipoamua mwaka 2000 kwamba zina hakimiliki. Ukikaa na historia hiyo, kijitabu cha albamu chenye majina sahihi ni sehemu ya kazi.

Mwisho, walingoja. Rekodi za Desemba 2015 zilitolewa tarehe 2 Desemba 2016, karibu mwaka mzima baadaye. Katikati yake bendi ilikwenda kupiga bure Havana mwezi Machi, na Oktoba ikaanza kuwaonjesha watu wimbo mmoja mmoja.

Matokeo

Albamu iliingia namba moja Uingereza na namba nne Marekani, jambo lisilo la kawaida kwa bluzi ya aina hii mwaka wowote, sembuse 2016. Januari 2018 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya bluzi ya kijadi. Katika ziara zilizofuata bendi iliweka wimbo mmoja au mbili za albamu hiyo kati ya nyimbo zake kubwa, na zilisimama imara.

Kwa upande wa kazi iliyowaleta studio, yaani nyimbo mpya, hakuna kilichopatikana. Albamu ya nyimbo zao mpya ilitoka Oktoba 2023, karibu miaka minane baada ya siku zile tatu. Mpiga dramu alikuwa amefariki Agosti 2021, na sauti ya dramu yake imo katika nyimbo mbili tu za albamu hiyo, zilizorekodiwa kabla.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kile ambacho hakikupangwa, na ndiyo maana kisa hiki ni kigumu kuigwa. Kurudi kwenye asili ni maneno yanayopendwa na idara za mauzo, na bendi ikiingia studio ikiwa na maneno hayo kichwani huanza kuigiza ukale: inatafuta amplifaya kuukuu, inavaa kofia, inaongeza mikwaruzo ya santuri kwenye mashine. Hawa waliingia wakiwa na tatizo la chumba, wakashika kitu walichokijua kuliko kingine chochote. Vidole vyao vilikuwa vimeijua bluzi hiyo tangu wakiwa na miaka kumi na minane, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kufikiri, na bendi ya watu wanaofikiri mno kuhusu jina lao ikapata siku tatu za kutofikiri. Anayetaka kujifunza kitu cha kutumia asichukue wazo la albamu ya bluzi. Achukue ule utaratibu wa kuanza siku ya studio na wimbo wa mtu mwingine mnaoupenda wote, huku mashine ikiwa inarekodi. Mashine isingekuwa inarekodi, wimbo ule wa kwanza ungebaki kuwa hadithi ya mapumziko ya chai.

Ukomo wa njia uliwasaidia kuliko uhuru. Bluzi ya mihimili 12, yaani vipimo 12 vya mapigo, ina kodi tatu (noti zinazopigwa kwa pamoja) na mzunguko ambao kila mpigaji anaujua; hakuna mjadala kuhusu kiitikio kiwe wapi au daraja liingie lini. Ubishi wa watunzi wawili waliozeeka pamoja, ambao katika nyimbo mpya hula siku nzima, haukuwa na mahali pa kukaa. Nilichokisikia mimi katika rekodi hizi ni mpiga dramu anayetulia nyuma kidogo ya mapigo, hapigi kwa nguvu, na magitaa mawili yanayoachiana nafasi bila kupigania. Hiyo ndiyo kazi ya bendi, na ilikuwa imefunikwa kwa miaka mingi na mataa ya viwanjani.

Umri uligeuka faida kwa namna ambayo hawakuitegemea. Miaka ya 1960 walikuwa vijana wa Kiingereza wakiiga watu wazima wa Mississippi, na uigaji ulionekana. Mwaka 2015 walikuwa wakubwa kuliko wengi wa waalimu wao walivyowahi kuwa: Magic Sam alifariki na miaka 32, Little Walter 37, Jimmy Reed 50, Howlin' Wolf 65. Mwimbaji mwenye miaka 72 akiimba habari za kuachwa na mwanamke kwa maneno ya kijana aliyekufa kabla ya kuota mvi, kuna jambo linalobadilika ndani ya wimbo. Lilijitokeza vizuri katika nyimbo za taratibu. Katika zile za kasi naona wakati mwingine mwimbaji anarudi kwenye tabia yake ya zamani ya kutafuna maneno kwa kionjo cha Kusini ambacho hakukizaliwa nacho, na hapo uzee haumfichi.

Sasa yaliyoshindikana. La kwanza ni la kiufundi na lilikuwa la kuepukika. Kazi iliyorekodiwa kwa hewa na nafasi kiasi kile imebanwa mno katika hatua za mwisho, mpaka tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa ikawa finyu. Ukiicheza kwa sauti ya wastani nyumbani inachosha sikio kufikia wimbo wa sita. Waliokataa masahihisho wakati wa kurekodi walikubali kelele wakati wa kumalizia, na sijaona sababu ya kisanaa ya kufanya hivyo.

La pili ni ule wimbo mmoja unaojulikana. Ulitungwa na Willie Dixon, na Otis Rush akauimba mwaka 1956 kwa kampuni ndogo ya Cobra, akiwa na miaka 22. Bendi nyingine kubwa ya roki ya Uingereza iliutoa kwenye albamu mwaka 1969, na tangu hapo kila mpenzi wa gitaa ana toleo lake kichwani. Kuufanya uwe wa mwisho kwenye albamu, tena pamoja na mgeni mashuhuri, kulikaribisha ulinganisho waliokuwa wameukwepa kwa nyimbo kumi na moja. Otis Rush anauanza kwa kilio kirefu kabla hata bendi haijatulia; hawa wanaupiga vizuri, na kupiga vizuri hakutoshi.

Wimbo huo huo unafungua suala la tatu, la mrabaha. Albamu ilipotoka, kati ya waimbaji ambao rekodi zao zilifuatwa alikuwa hai mmoja tu, Otis Rush, aliyekuwa Chicago, kiharusi kikiwa kimemzuia kupiga gitaa kwa miaka mingi. Alifariki Septemba 2018. Majina ya watunzi yaliandikwa sawasawa, na mrabaha wa utunzi wa wimbo ule ukaenda kwenye haki za Willie Dixon, kama sheria inavyotaka. Lakini namna wimbo unavyoimbwa, ule mwito wa mwanzo, ni kazi ya Rush, na sheria ya hakimiliki haiuoni mchango wa namna hiyo: anayeurudia wimbo hulipia maneno na tuni, halipii mikono na koo iliyoufanya upendwe. Bendi haikuvunja sheria yoyote. Kwa watu wenye uwezo wao, hata hivyo, kulikuwa na nafasi ya kufanya zaidi ya sheria, na meneja anayepanga albamu ya namna hii leo anaweza kuiweka nafasi hiyo kwenye mkataba kabla ya kurekodi: fungu dogo kwa mwimbaji wa kwanza au warithi wake, wimbo kwa wimbo.

La nne ndilo zito. Albamu ya bluzi haikufungua mlango wa nyimbo mpya. Bendi kongwe ya Boston ilifanya jambo linalofanana mwaka 2004, ikatoa albamu ya bluzi yenye wimbo mmoja tu wa kwake, na albamu yake iliyofuata ya nyimbo mpya ilichukua hadi 2012. Visa viwili havitoshi kutunga kanuni, lakini vinatosha kumtahadharisha prodyuza anayetumaini kwamba kurudi nyuma kutampa bendi kasi ya kuruka mbele. Tatizo la kupiga pamoja na tatizo la kutunga ni mawili tofauti, na siku tatu za Desemba 2015 zilitibu la kwanza. La pili lilibaki kwenye meza ile ile lilipoachwa tarehe 11, na wakati lilipokuja kushughulikiwa kwa dhati, mtu aliyekaa kwenye kiti cha dramu alikuwa mwingine.

Albamu ya 2023, ilipokuja hatimaye, ina nyimbo 11 za kwao na moja isiyo yao, iliyowekwa mwisho kabisa. Ni ule wimbo wa Muddy Waters uliowapa jina, ambao kwa zaidi ya miaka sitini hawakuwa wameuweka kwenye albamu yao yoyote ya studio. Dramu haimo wala besi. Mpiga gitaa wa kwanza anapiga peke yake, mwimbaji anaimba, na mstari ukiisha anainua harmonika na kujijibu.